Mwongozo kamili: kuyaelewa maelekezo ya kroshia yanayochanganya

Ukitembea jioni Shangani au mitaa ya Mikindani hukosi kumwona mama barazani na kroshia mkononi: kitambaa cha kochi, kofia ya mtoto mchanga, seti ya bibi harusi. Wengi wetu hapa Mtwara tumejifunza kwa kuangalia. Unashika kazi ya mwenzako, unahesabu matundu, unaiga. Huo ni ustadi mkubwa na sitaki mtu auache. Lakini siku hizi mteja anatuma picha kwenye simu, na chini ya picha kuna maelekezo ya Kiingereza yaliyojaa vifupisho, nyota na mabano. Hapo hata fundi wa miaka mingi husita.

Mwongozo huu ni wa fundi huyo, na wa binti anayeanza. Jambo ninalotaka ulishike ni kwamba kila mstari wa maelekezo unaweza kuhakikiwa kwa hesabu, kwenye daftari, kabla hujagusa uzi. Hesabu ikikubali, fuma. Isipokubali, ama umesoma vibaya ama karatasi ina kosa, na utalijua hilo kabla hujaimaliza jioni ukifumua.

Tukubaliane kwanza majina. Cheni ni vitanzi vinavyofuatana, kila mtu anaijua. Mshono wa kuungia ni ule wa kuingiza kroshia (ile sindano ya ndoano) na kuvuta uzi moja kwa moja mpaka nje, hauna kimo. Mshono mfupi: ingiza, vuta kitanzi, zungusha uzi, toa vitanzi viwili pamoja. Mshono nusu: zungusha uzi mara moja kwanza, ingiza, vuta, kisha toa vitanzi vyote vitatu kwa mkupuo. Mshono mrefu: zungusha mara moja, ingiza, vuta, toa viwili, toa viwili. Mrefu mara mbili: zungusha mara mbili, ingiza, vuta, toa viwili, viwili, viwili. Ukiwa na hii mikononi, tayari unajua sehemu kubwa ya kinachoandikwa. Kilichobaki ni kusoma.

Hatua ya kwanza: soma yote, kroshia ikiwa mezani

Ukichapisha steshenari, chapisha kurasa zote. Watu hubana hela wakachapisha ukurasa wenye mistari ya kufuma tu, kumbe orodha ya vifupisho na maelezo ya jumla yako ukurasa wa mwanzo au wa mwisho. Humo ndimo unapokuta sentensi moja inayobadilisha kazi nzima, kwa mfano kwamba cheni 3 za mwanzo wa mstari zinahesabiwa kuwa mshono mrefu mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho wa kazi.

Juu ya ukurasa wa daftari andika: ukubwa wa kroshia, unene wa uzi, ukubwa wa kitu kikiisha, na idadi ya mishono katika sentimita 10. Ukubwa wa kroshia uandike kwa milimita tu, kwa sababu kila nchi ina namba zake. G ya Marekani ni milimita 4 na H ni milimita 5. Kwenye kroshia za zamani za Uingereza, namba 8 ndiyo milimita 4 na namba 6 ndiyo milimita 5, yaani namba ikipanda kroshia inakuwa nyembamba.

Kisha nakili maelekezo kwa mkono wako, mstari mmoja mmoja, kwa Kiswahili chako. Umeme ukikatika na simu ikizima, daftari linabaki. Lakini sababu kubwa zaidi ni kwamba mkono unaonakili hauwezi kuruka neno usilolielewa. Utagundua mapema ni wapi hasa umekwama.

Hatua ya pili: ni ya Marekani au ya Uingereza?

Nikiulizwa kosa gani linaharibu kazi nyingi kuliko yote, nitataja hili bila kusita. Nchi hizi mbili hutumia vifupisho vilevile kwa mishono tofauti:

- mshono mfupi: Marekani huandika sc, Uingereza huandika dc
- mshono nusu: Marekani hdc, Uingereza htr
- mshono mrefu: Marekani dc, Uingereza tr
- mrefu mara mbili: Marekani tr, Uingereza dtr
- mshono wa kuungia: Marekani sl st, Uingereza ss

Cheni ni ch kwa wote. Angalia dc ilivyokaa: huku ni mshono mrefu, kule ni mfupi.

Namna ya kutambua: ukiona sc popote kwenye karatasi, hiyo ni ya Marekani, kwa kuwa Uingereza hawana kifupisho hicho. Ukiona htr, ni ya Uingereza. Neno la kuruka mshono nalo husaidia, maana Marekani huandika skip au sk na Uingereza huandika miss. Usiamue kwa kuangalia mwandishi anaishi wapi, kwani wapo Waingereza wengi wanaoandika kwa mtindo wa Marekani ili wasomwe na watu wengi.

Na kama karatasi ina dc na ch tu, bila dalili nyingine? Tazama cheni za mwanzo wa mstari. Mshono mrefu unahitaji cheni 3 kufikia kimo chake, mshono mfupi unahitaji cheni 1. Kwa hiyo dc inayotanguliwa na ch 3 ni ya Marekani, na dc inayotanguliwa na ch 1 ni ya Uingereza. Kipimo hiki mimi hukiamini kuliko vingine, maana hakitegemei mwandishi amekumbuka kueleza.

Ukikosea hapa, kazi yenyewe itakuambia. Duara bapa la mishono mirefu huongezewa mishono 12 kila raundi. La mishono mifupi huongezewa 6. Ukifuma mishono mifupi huku karatasi inaongeza 12, duara litajikunja mawimbi pembeni tangu raundi ya tatu.

Hatua ya tatu: cheni za mwanzo wa mstari

Tukae hapa kidogo, kwa sababu wengi hudhani mkono wao ndio mbaya kumbe ni kanuni hii haijawakaa.

Vimo ni hivi: mshono mfupi cheni 1, nusu cheni 2, mrefu cheni 3, mrefu mara mbili cheni 4. Suala ni kama cheni hizo zinahesabiwa kuwa mshono. Kwa mshono mrefu kawaida zinahesabiwa. Kwa mshono mfupi kawaida hazihesabiwi. Kwa mshono nusu waandishi hawaafikiani, kwa hiyo tafuta maelezo ya karatasi yenyewe.

Chukua mstari huu: ch 21, dc in 4th ch from hook, dc in each ch across (19). Kwa Kiswahili: piga cheni 21, weka mshono mrefu kwenye cheni ya nne kutoka kwenye kroshia, kisha mshono mrefu katika kila cheni mpaka mwisho, jumla 19. Kitanzi kilicho juu ya kroshia hakihesabiwi kamwe. Kutoka cheni ya 4 hadi ya 21 kuna cheni 18, basi una mishono 18. Ile ya 19 imetoka wapi? Ni zile cheni 3 ulizoziruka, zimesimama badala ya mshono wa kwanza. Kwa hiyo mabano yenye 19 yamekwisha kukujibu swali: hapa cheni 3 zinahesabiwa. Kama yangesema 18, hazihesabiwi.

Mstari wa pili unageuza kazi na kupiga cheni 3. Cheni hizo zimesimama juu ya mshono wa kwanza kabisa, kwa hiyo mshono wako unaofuata unakwenda kwenye mshono wa pili. Ukiuweka kwenye ule wa kwanza umeongeza mmoja. Ukifika mwisho, mshono wa mwisho unaingia kwenye cheni ya juu ya zile cheni 3 za mstari uliopita. Ukiusahau umepunguza mmoja. Kitambaa kinachokuwa pembetatu kidogo kidogo kimepatwa na hili la pili; kinachotanuka kimepatwa na lile la kwanza. Na kinachobaki na idadi sahihi huku kingo zikipinda kimefanyiwa yote mawili, kosa moja likafunika jingine.

Hatua ya nne: nyota na mabano

Nyota ni alama ya mahali pa kurudia. Mabano yana kazi nne tofauti, na karatasi haikuambii ni ipi. Unaitambua kwa mahali yalipo.

Mabano mwishoni mwa mstari yenye namba peke yake ni jumla ya mishono. Mabano yenye namba nyingi zilizotenganishwa kwa mkato, kama ch 60 (66, 72, 78), ni saizi: ya nje ndiyo ndogo, za ndani zinapanda. Chagua yako, izungushie kalamu karatasi nzima kabla ya kuanza. Mabano yenye mishono ndani na kufuatiwa na namba na neno times (mara) yanarudiwa mara hizo. Na mabano yenye mishono ndani yakifuatiwa na mahali pamoja, kama (2 dc, ch 2, 2 dc) in next ch-2 sp, yana maana vyote vilivyo ndani vinaingia tundu moja: mirefu miwili, cheni mbili, mirefu miwili. Hiyo ni kona ya kitambaa cha mraba, au ganda la kitambaa cha kochi. Wengi huitandaza mishono hiyo minne sehemu nne, kisha wanashangaa kona imekwenda wapi.

Angalia pia herufi sp. Ikiwepo, kroshia inapita chini ya cheni, ndani ya tundu. Isipokuwepo, na karatasi ikitaja cheni ya ngapi, unachoma cheni yenyewe.

Sasa kurudia. [ ] 6 times ni mara 6 kwa jumla. Lakini rep from * 6 times, yaani rudia kuanzia kwenye nyota mara 6, kwa kawaida ni mara 7, kwa sababu umeshafuma mara moja kabla ya kuambiwa urudie. Wapo waandishi wasiofuata hilo, ndiyo maana tuna hatua inayofuata.

Hatua ya tano: acha jumla iamue

Binti mmoja wa Chikongola alikuja kwangu na kitambaa cha duara mkononi. "Shikamoo mama mdogo. Raundi ya tatu inanigomea. Nimefumua mpaka uzi umechakaa."

"Marahaba mwanangu. Uzi weka chini, lete daftari."

Karatasi yake ilikuwa hivi. Raundi ya 1, mishono mirefu 12 kwenye kitanzi cha katikati. Raundi ya 2, mirefu miwili katika kila mshono, jumla 24. Raundi ya 3: ch 3, 2 dc in next st, *dc in next st, 2 dc in next st, rep from * 11 times, join (36). Yaani: cheni 3, mirefu miwili kwenye mshono unaofuata (st ni mshono), kisha kundi la nyota: mrefu mmoja kwenye mshono unaofuata, mirefu miwili kwenye ule wa baada yake; rudia, kisha unga raundi.

Tuligawa ukurasa safu mbili. Safu ya kushoto: mishono ya raundi iliyopita inayotumika. Safu ya kulia: mishono mipya inayopatikana.

Mwanzo, yaani cheni 3 na mirefu miwili, unatumia 2 na kutoa 3. Kila kundi la nyota linatumia 2 na kutoa 3. Tulikuwa na 24, mwanzo umetumia 2, zimebaki 22. Ukigawa kwa 2 unapata makundi 11. Lakini kusoma kwa kawaida, mara moja na kurudia 11, ni makundi 12, ambayo yanahitaji mishono 24 juu ya ile 2 ya mwanzo. Ni 26, na kwenye kitambaa ipo 24. Safu ya kulia inakubaliana: 3 na 12 mara 3 ni 39, ila karatasi imeahidi 36. Kwa makundi 11 tunapata 3 na 33, yaani 36 kamili. Mwandishi alikusudia mara 11 kwa jumla, akaliandika vibaya.

Binti alikuwa anafuma sawasawa muda wote. Ilinigusa, kwa sababu alikuwa amekwisha kuamini kwamba hana kichwa cha kazi hii.

Fanya safu hizo mbili kwa kila mstari mgumu. Safu ya kushoto lazima iishe sawa na jumla ya mstari uliopita, na safu ya kulia lazima ilingane na mabano ya mstari huu. Kama karatasi haitoi jumla kabisa, zitafute mwenyewe na uziandike kwa kalamu nyekundu. Karatasi isiyo na jumla hata moja mimi humshauri anayeanza aiache, hata kama picha yake ni nzuri namna gani.

Picha nayo ni ushahidi. Ivute kwenye simu uihesabu: maua mangapi, ncha ngapi, matundu mangapi kati ya kona na kona. Karatasi ikisema ncha 12 na picha ina 11, amini picha kwanza.

Hatua ya sita: mchoro wa alama

Kama Kiingereza kinakusumbua, tafuta maelekezo yenye mchoro. Vitabu vya Japani vimejaa michoro ya aina hii, na vya Urusi vivyo hivyo, na anayejua alama anafuma bila kusoma neno hata moja. Kiduara kirefu kama yai ni cheni. Nukta nyeusi ni mshono wa kuungia. Msalaba au alama ya kujumlisha ni mshono mfupi. Herufi T bila mkato ni mshono nusu, T yenye mkato mmoja ni mrefu, yenye mikato miwili ni mrefu mara mbili. Hapa hakuna ugomvi wa Marekani na Uingereza.

Kazi ya mistari husomwa kutoka chini kwenda juu: mstari wa 1 kulia kwenda kushoto, wa 2 kushoto kwenda kulia, na namba ya mstari huandikwa upande unaoanzia. Kazi ya duara huanza katikati na kuzunguka kinyume cha mshale wa saa. Wanaofuma kwa mkono wa kushoto wageuze mielekeo hiyo. Alama zilizokutana miguu zinaingia mshono mmoja, ni kuongeza. Zilizokutana vichwa zinafungwa pamoja, ni kupunguza.

Hatua ya saba: uzi wako si uzi wa karatasi

Maelekezo mengi yameandikwa na watu wa nchi za baridi kwa sufu nene. Sisi tuna pamba nyembamba na akriliki ya dukani. Huko juu Newala, asubuhi za mwezi wa saba, sweta la sufu lina kazi. Hapa pwani mteja wako atakurudishia. Badilisha uzi, ila badilisha na hesabu.

Fuma kipande cha sentimita 15 kwa 15, kifue, kikauke, kisha hesabu mishono ndani ya sentimita 10 za katikati. Usipime pembezoni. Fuma kipande hicho saa zilezile unazofuma kila siku, kwa sababu joto la Desemba hulowesha kiganja, uzi unashika, na mkono unakaza kuliko alfajiri.

Karatasi inasema mishono 14, wewe umepata 18, na upana unaotakiwa ni sentimita 50. Karatasi ingetumia 70. Wewe unahitaji 90. Lakini kama ua lake, yaani pambo linalojirudia, linasema multiple of 6 + 2, maana yake ni 6 mara idadi yoyote, kisha unaongeza 2 mara moja tu mwishoni. 90 haiingii. 6 mara 15 ni 90, ongeza 2, fuma 92. Watu huzidisha 8 kwa kujumlisha kwanza, na ua la mwisho linakatika katikati.

Kofia ni hesabu ya aina nyingine. Kichwa cha mtoto mchanga huzunguka karibu sentimita 35. Gawa kwa 3.14, unapata upana wa duara, kama 11. Duara la juu lifike sentimita 10 hivi, kisha acha kuongeza na ushuke moja kwa moja, ili kofia ishike. Maneno work even ndiyo yanayosema hivyo: endelea bila kuongeza wala kupunguza.

Ukikwama bado

Kwenye nguo utakutana na at the same time, yaani unapunguza kwapani huku unapunguza shingoni. Sentensi hiyo huja baada ya maelezo marefu ya kwapa, mtu akiwa ameshafuma yote. Chora jedwali: namba ya mstari, kwapa, shingo. Jaza kila mstari kabla ya kuanza.

Sehemu isiyoeleweka kabisa, ifume peke yake kwa uzi mnene wa rangi nyeupe na kroshia kubwa, kipande kidogo tu. Uzi mweusi huficha mishono.

Na ukiona kosa ni la karatasi, angalia kwanza kama mwandishi ametoa masahihisho, kisha mwandikie. Usimwambie tu kwamba huelewi. Mpe raundi, ulichoanza nacho na ulichopata: "Raundi ya 3 inaanza na mishono 24. Kila kundi linatumia 2 na kutoa 3. Nikirudia mara 11 baada ya ile ya kwanza nahitaji mishono 26 na napata 39, lakini umeandika 36. Je, ni mara 11 kwa jumla?" Weka na picha ya kazi ikiwa imelazwa bapa juu ya kanga isiyo na maua mengi, ili mishono ihesabike.